Kibarua wa chinichini alikaa kimya siku mbili, mfumo unasema yuko kazini. Nimwekee mlango wa HTTP wa kumuulizia hali?

#1 Bandari ya Zamani
Wakuu, salamu. Naomba mawazo yenu, hasa nyie mnaoandika programu zinazofanya kazi chinichini bila mtu kuziona.

Ninasimamia mfumo mdogo wa chama kimoja cha msingi huku Mtwara. Mkulima akipima korosho ghalani, karani anaingiza kilo na daraja, kisha mkulima anapata meseji yenye jina lake, kilo zake na namba ya stakabadhi. Meseji inatumwa na programu ya Python ambayo nimezoea kuiita kibarua. Kibarua huyu hana ukurasa wala kitufe. Anachota kazi kwenye foleni ya RabbitMQ (programu inayotunza kazi zinazosubiri), anabisha hodi kwa kampuni ya meseji, anaandika "imetumwa" kwenye hifadhidata, anarudi kwenye foleni. Kutwa ni hivyo.

Jumamosi iliyopita, saa 8:52 mchana, alituma meseji yake ya mwisho. Mimi nimejua Jumatatu saa 3 asubuhi, na aliyenijulisha si mashine, ni mzee mmoja aliyekodi bodaboda kutoka kijijini hadi ghalani. Alitoa stakabadhi kwenye mfuko wa nailoni, akaikunjua juu ya mizani, akafungua kitochi chake na kunionyesha kisanduku cha meseji. "Mwanangu, gunia zangu nane zimepimwa juzi, mbona simu haijasema kitu? Zimeandikwa au hazikuandikwa?" Zilikuwa zimeandikwa. Lakini siku mbili zote hakuwa na amani, na nauli ya kwenda na kurudi imemtoka. Nimeona aibu sana.

Kuingia kwenye mashine, `systemctl status` (amri ya Linux ya kuuliza hali ya programu) inasema "active (running)", rangi ya kijani, siku 19 bila kuzimika. Kwenye foleni kuna meseji 412 zinasubiri. Nikamwasha upya, zote zikatoka.

Sasa kuna kaka ameniambia nimwekee kibarua mlango wa HTTP, tuseme `/afya` kwenye poti 8080, ili mashine nyingine iwe inamuuliza kila baada ya muda naye anajibu 200 (yaani "niko sawa"). Mwingine akasema huko ni kumgeuza kibarua kuwa seva ya wavuti bila sababu, na ni kuongeza tundu la wezi. Nyie mnafanyaje? Na mnadhani alikwama wapi?

#2 Fundi Chikongola
Weka mlango, mkuu, usijiulize mara mbili. Python ina `http.server` ndani yake, huhitaji kusakinisha kitu. Unafungua uzi wa pili ndani ya programu (si uzi kama huu wetu), unasikiliza poti, ukiulizwa unajibu 200. Mistari isiyozidi 20. Kitu kisichoulizika ndicho hicho kinachokufa Jumamosi kikaja kuzikwa Jumatatu.

#3 Nangurukuru
Fundi, nakuheshimu, ila hapo umempa mwenzetu sumu. Nilifanya hivyohivyo miaka mitatu nyuma. Uzi wa pili ukawa unajibu 200 asubuhi, mchana na jioni, wakati uzi mkuu umeganda unasubiri jibu la mtandao lisilokuja. Python ikisubiri mtandao huwa inaachia ile kufuli yake ya ndani, kwa hiyo uzi wa pili unapumua vizuri kabisa. Nilikuwa na ukurasa wa kijani na kazi imesimama siku nne. Bila mlango ningeshtuka mapema zaidi, kwa sababu ningekuwa na wasiwasi.

#4 Karani Tandahimba
Mimi si mtu wa kompyuta kiasi chenu, ni karani tu, lakini swali hili nalijua kwa njia ya ghala. Mlinzi wetu wa usiku ana kipande cha reli kimening'inizwa kwenye mwembe. Kila saa anakigonga, na mwenyekiti anasikia akiwa kitandani. Siku kisipolia, mwenyekiti anaamka. Hakuna anayekwenda ghalani kumuuliza mlinzi "uko macho?"
Kwa nini kibarua wenu asigonge mwenyewe badala ya kufuatwa?

#5 Kijana wa Mtama
Dada Karani umemaliza. Ila niongeze: ghala la kwetu mlinzi alikuwa anamwachia mwanawe agonge reli, yeye amelala kwenye magunia. Reli inalia kila saa bila kukosa. Ndiyo ule uzi wa pili wa Fundi Chikongola 😂

#6 Fundi Chikongola
Mtama umenipata, nakubali. Narekebisha #2. Mlango usijibu 200 kwa sababu tu upo. Kibarua mwenyewe, ule uzi mkuu, kila akimaliza mzunguko anaandika saa kwenye kumbukumbu. Mlango unasoma ile saa. Ikiwa imepita zaidi ya dakika 5, unajibu 503 (yaani "siko sawa"). Hapo anayegonga reli ni mlinzi, mtoto kazi yake kusoma saa ya ukutani tu.

#7 Bandari ya Zamani
Asanteni. Fundi, mbona usiku hakuna korosho inayopimwa? Foleni tupu kuanzia saa 12 jioni hadi asubuhi. Kwa kipimo chako kibarua ataonekana mfu kila usiku.

#8 Nangurukuru
Hapo ndipo wengi wanapokosea, na swali lako ni zuri. Asiye na kazi si mfu. Anatakiwa aandike saa hata akikuta foleni tupu. Kwenye pika (maktaba ya Python ya kuongea na RabbitMQ), badala ya `start_consuming` tumia `consume` yenye `inactivity_timeout=30`. Kila sekunde 30 foleni ikiwa tupu unarudishiwa mikono mitupu, hapo unaandika saa na kuendelea. Jibu la mlango lisiwe neno moja. Mimi huwa natoa hivi:

`{"hali":"mzima","mzunguko_wa_mwisho":"sekunde 12","kazi_ya_mwisho":"saa 9","foleni":0}`

Mzunguko wa sekunde 12 na kazi ya saa 9 zilizopita, foleni 0: huyo yuko macho, hana kazi. Foleni ikiwa 412 na kazi ya mwisho ni juzi, hata kama mzunguko ni sekunde 12, kuna jambo.

#9 Mmasasi
Wadau wa .NET (ile ya Microsoft ya kuandikia programu) mpo? Huku kwetu hadithi ina sura nyingine. Kiolezo cha kibarua kinakuja bila HTTP kabisa, unabadilisha SDK kutoka `Microsoft.NET.Sdk.Worker` kwenda `Microsoft.NET.Sdk.Web`, unasajili vipimo vya afya, unaita `MapHealthChecks("/afya")`. Sawa. Lakini ubaya uko hapa: kazi iliyo ndani ya `ExecuteAsync` ikirusha hitilafu usiyoidaka, inakufa peke yake na programu iliyoibeba inabaki hai, mlango unasema "Healthy". Ilinigharimu ankara za wateja za mwezi mzima.

#10 Ndonde
Dada Mmasasi, hiyo ilikuwa kabla ya .NET 6. Tangu toleo hilo, mwaka 2021, hitilafu isiyodakwa inasimamisha programu nzima, labda mwenyewe uchague `Ignore`. Na kama unatumia kontena (programu iliyofungashwa pamoja na mahitaji yake), kumbuka picha za ASP.NET tangu .NET 8 zinasikiliza 8080, si 80 tena. Nimepoteza jioni nzima kwa hilo.

#11 Mmasasi
Kweli Ndonde, mfumo wangu ulikuwa toleo la 3.1. Asante kwa sahihisho. Lakini kuganda bila hitilafu bado hakumsimamishi mtu yeyote, toleo lolote lile.

#12 Mwana Lindi
Niko Lindi mjini, nafanyia kazi kampuni moja ya Dar nikiwa nyumbani. Sisi tuko kwenye Kubernetes (mfumo unaosimamia makontena mengi), na nasema hivi: mlango wa HTTP ni mzuri, ila tazama sana ni nani anayeusoma na anafanya nini akisikia jibu baya. Kule kuna vipimo vitatu: cha kuanza, cha utayari na cha uhai. Kibarua asiyepokea wageni hana haja kubwa na cha utayari. Cha uhai ndicho chenye panga: kikishindwa, kontena linauawa na kuwashwa upya.

Mwenzetu mmoja aliweka ndani ya kipimo cha uhai swali kwa hifadhidata: "uko hai?" Siku hifadhidata ilipochoka kidogo, vibarua wote sita wakashindwa kipimo kwa mpigo. Wakauawa. Wakaamka wote pamoja, kila mmoja anafungua miunganisho mipya, hifadhidata ikazidiwa zaidi, wakauawa tena. Saa moja na nusu tunazunguka palepale. Vibarua hawakuwa na kosa hata moja, waliuawa kwa kosa la jirani. Tangu hapo kipimo cha uhai kinauliza jambo moja tu: je, wewe mwenyewe umeganda? Ya jirani yanakwenda kwenye taarifa za kuangalia, hayaui mtu.

#13 Shangani Boy
Na Kubernetes haina huruma, ikikosa jibu mara moja tu inaua.

#14 Mwana Lindi
Hapana. Usipogusa chochote, inauliza kila sekunde 10, inasubiri jibu sekunde 1, na lazima ikose mara 3 mfululizo. Jibu lolote kuanzia 200 hadi 399 inalihesabu zuri. Ile sekunde 1 ndiyo inayowaponza watu. Wengine hawataki HTTP, wanaweka kipimo cha amri kinachoendesha kiskripti cha Python kuangalia faili. Python yenyewe kuamka tu kwenye mashine iliyobanwa inakula hiyo sekunde.

#15 Shangani Boy
Sawa, nimeelewa. Basi afadhali Docker ya kawaida (inaendesha makontena bila Kubernetes), ukiweka HEALTHCHECK ikishindwa inawasha upya yenyewe.

#16 Ndonde
Hapana tena mdogo wangu 😄. Docker ya kawaida inaandika "unhealthy" pembeni ya jina, basi. Haigusi kontena. Swarm, ile Docker ya mashine nyingi, ndiyo inayobadilisha. Watu wengi wamelala usingizi wakiamini Docker itawaamkia.

#17 Kijana wa Mtama
Shangani leo anakula za uso tu. Njoo Mtama tukupe ming'oko upoe.

#18 Shangani Boy
Ming'oko ya Mtama mnachimba bado changa. Nitakula ya Newala.

#19 Karani Tandahimba
Turudi kwenye swali jamani, wakulima wanasubiri meseji.

#20 Nangurukuru
Bandari, kabla ya kujenga mlango tujue kilichotokea. Maswali matatu:
1. Kibarua yuko kwenye mashine ipi na foleni iko wapi?
2. Kwenye muunganisho wa RabbitMQ umeweka `heartbeat` (mapigo ya kuhakikisha pande zote mbili ziko hai) ngapi?
3. Ukiita kampuni ya meseji kwa `requests` (maktaba ya Python ya HTTP), umeweka `timeout` (ukomo wa kusubiri)?

#21 Bandari ya Zamani
1. Kibarua yuko kwenye kompyuta ya ofisini Mtwara mjini, maana hifadhidata ya mizani iko hapo. Foleni iko kwenye seva ya kukodi Dar. Intaneti ya ofisi ni faiba, ikikatika ruta inahamia yenyewe kwenye laini ya simu.
2. `heartbeat=0`. Niliiweka makusudi, kwa sababu meseji zikichelewa kutoka RabbitMQ ilikuwa inanikatia muunganisho. Niliona ushauri huo mtandaoni.
3. Sikuweka.

Nyongeza: kabla sijamwasha upya nilifungua ukurasa wa RabbitMQ. Wachotaji kwenye foleni: 0.

#22 Nangurukuru
Basi nimeshapata jibu, na ni hilo la 2. Faiba ilikatika Jumamosi, ruta ikahamia laini ya simu, anwani ya nje ikabadilika. Muunganisho wa zamani ukafa bila mtu kuaga. RabbitMQ ilipojaribu kusukuma meseji iliyofuata haikupata jibu, Linux ikajaribu kwa karibu dakika 15 ikakata tamaa, kibarua akafutwa kwenye orodha. Ndiyo hiyo 0. Huku Mtwara kibarua ameshika simu iliyokatwa, anasikiliza tu. Mapigo yale ya `heartbeat` ndiyo yangemwambia. Kwa kawaida ni sekunde 60, wewe umeyazima.

#23 Ndonde
Usikimbilie. Hiyo 0 inakubaliana na maelezo mengine vilevile. Tuseme alikwama kwenye `requests` bila `timeout`. Maktaba hiyo usipoiwekea ukomo inasubiri milele. Ameshika meseji moja ambayo hajaithibitisha (hajaiambia foleni kwamba kazi yake imekwisha). RabbitMQ za sasa zinampa mchotaji dakika 30 kuthibitisha, zikipita inafunga njia yake. Wachotaji 0 vilevile. Kwa hiyo kosa linaweza kuwa la 3.

#24 Nangurukuru
Ni rahisi kujua. Ikiwa ni hiyo yako, logi ya RabbitMQ itaandika kwamba uthibitisho umepita muda. Bandari, angalia ya Jumamosi kati ya saa 9 na saa 10.

#25 Bandari ya Zamani
Nimeangalia sasa hivi. Logi za kule zinatunzwa siku 3 tu, nilipunguza kwa ajili ya nafasi. Za Jumamosi hazipo.

#26 Ndonde
Na logi ya kibarua? Mstari wa mwisho unasema "natuma" au "nimetuma"?

#27 Bandari ya Zamani
"Nimetuma". Lakini huwa naandika baada ya kutuma tu. Kabla ya kutuma siandiki chochote. Kwa hiyo inaweza kuwa alikuwa anasubiri kazi, inaweza kuwa alikuwa katikati ya kazi iliyofuata.

#28 Mwana Lindi
Aisee.
Kuna njia nyingine. Kama alikwama baada ya kampuni ya meseji kupokea ila kabla jibu halijarudi, basi ulipomwasha upya meseji ileile imetoka mara ya pili. Tafuta mkulima aliyepata meseji mbili, moja Jumamosi karibu na saa 9 na moja Jumatatu asubuhi.

#29 Bandari ya Zamani
Nimepitia ripoti ya kampuni ya meseji, mstari kwa mstari. Hakuna aliyepata mbili.

#30 Ndonde
Haiondoi hoja yangu. Anaweza kukwama kabla meseji haijafika kwao. Seva yao iko wapi?

#31 Bandari ya Zamani
Nje ya nchi, Ulaya.

#32 Ndonde
Basi kuna njia ndefu ya baharini katikati. Mnakumbuka ile Mei 2023 nyaya zilipokatika? Kila kitu kilichokaa nje kilikuwa kinaning'inia bila kukubali wala kukataa.

#33 Mmasasi
Ni Mei 2024, tarehe 12, EASSy na Seacom kwa pamoja. Naikumbuka kwa sababu wiki moja tu kabla kimbunga Hidaya kilikuwa kimetupitia na barabara ya Dar ikakatika Somanga. Barabara hakuna, intaneti hakuna. Mimi nilikuwa na mzigo wa vipuri umekwama Nangurukuru.

#34 Nangurukuru
Si kwangu 😂 mzigo wako sikuuona.

#35 Ndonde
Asante dada, 2024. Hoja ni ileile: mtandao unaoning'inia ni mbaya kuliko uliokatika.

#36 Fundi Chikongola
Na mimi naleta ya tatu. Alisema anaandika "imetumwa" kwenye hifadhidata. Je, kama kuna mtu alikuwa ameshika ule mstari? Labda Jumamosi mchana kulikuwa na nakala ya akiba ya PostgreSQL inaendelea, ikafunga jedwali.

#37 Ndonde
`pg_dump` haizuii kuandika, Fundi. Anayezuia ni mtu aliyeanza muamala wa kurekebisha kitu akaondoka bila kuumaliza.

#38 Bandari ya Zamani
Hili limenishtua. Jumamosi mchana karani mkuu alinipigia simu kwamba kuna kilo zimekosewa, nikazirekebisha kwa mkono nikiwa nyumbani. Nakumbuka kuandika BEGIN (kuanza muamala). Nakumbuka kuona kilo zimebadilika. COMMIT (kuumaliza) naamini niliandika, maana Jumatatu kilo zilikuwa sahihi.

#39 Fundi Chikongola
Uliandika saa ngapi? Kama kati ya BEGIN na COMMIT ulikwenda kula, kibarua alikuwa anasubiri. Lakini baada ya COMMIT angeendelea, kwa hiyo siku mbili haielezeki. Labda akiwa anasubiri, RabbitMQ ikamkata kwa zile dakika 30 za Ndonde, na alipoachiwa na hifadhidata akarudi akakuta njia imefungwa, hitilafu ikadakwa na kumezwa. Una `except: pass` mahali popote?

#40 Bandari ya Zamani
Ninayo moja. Kuzunguka sehemu ya kuthibitisha.

#41 Nangurukuru
Mimi bado nasimama na faiba.

#42 Mwana Lindi
Jamani, ushahidi umefutika pale alipomwasha upya. Siku nyingine kabla ya kugusa chochote, `py-spy dump --pid` na namba ya programu. Inakuchapia kila uzi umesimama mstari upi bila kuizima. Sekunde mbili tu. Iandike kwenye karatasi ibandikwe ukutani.

#43 Makonde wa Zamani
Nimesoma kimya tangu #1. Mnazungumzia sana mlango lakini hamjaona nyumba ilipo. Kompyuta ya ofisi iko nyuma ya ruta. Ikiwa kwenye laini ya simu haina anwani yake ya nje, inachangia na watu wengine. Mlango wa `/afya` aliyeko Dar au popote hataufikia, ataona ukimya uleule. Kwa hiyo HTTP ya kuulizwa inamfaa aliye ndani ya ofisi tu, au ndani ya kontena kule kwa Mwana Lindi. Kwa Bandari lazima kibarua agonge reli kwenda nje, kama alivyosema dada Karani #4. Ipo Healthchecks.io, msimbo wake uko wazi, hata ukitaka kuuweka kwenye seva yako ya Dar unaweka. Kila mzunguko kibarua anaita anwani yake, reli isipolia kwa dakika 10 unapigiwa.

Na mlango ukiuweka, ufungue kwenye 127.0.0.1 (yaani ndani ya mashine hiyohiyo tu), usiufungue kwa ofisi nzima. Ule mfano wa Nangurukuru #8 unataja foleni na saa za kazi. Hakuna siri kubwa, ila hakuna sababu mgeni wa Wi-Fi ausome.

#44 Mwana Lindi
Sahihi kwake. Ila msomaji wa Kubernetes asinakili hiyo 127.0.0.1: mwulizaji wa kule anakuja kwa anwani ya podi (kifurushi kinachobeba kontena), atakuta mlango umefungwa, atakosa jibu mara 3 na kukuua ndani ya kama nusu dakika. Sisi tunafungua 0.0.0.0 (anwani zote) na kuzuia kwa sera ya mtandao.

#45 Shangani Boy
Mbona mnazunguka? Iulizeni foleni. RabbitMQ ina HTTP yake poti 15672, inakuambia meseji ngapi zinasubiri na wachotaji wangapi. Kiskripti kimoja Dar, kila dakika: wachotaji wakiwa 0, au zinazosubiri zikizidi 50, tuma onyo. Kibarua hahitaji mlango wala reli. Jumamosi ingempigia kelele ndani ya saa moja, iwe ni faiba, `requests` au hifadhidata.

#46 Ndonde
Shangani, leo umesema neno, sikurekebishi.
Upungufu mmoja tu: kibarua anayethibitisha kabla ya kutuma. Foleni inabaki 0, kila kitu kizuri, meseji zinamwagika chini. Foleni inaona zilizotoka, haioni zilizofika.

#47 Makonde wa Zamani
Na Bandari ana systemd tayari, ile ya Linux inayowasha na kusimamia programu. `Type=notify`, `WatchdogSec=180`, `Restart=on-failure`. Kibarua kila mzunguko anatuma `WATCHDOG=1`. Dakika 3 zikipita kimya, systemd inamwangusha na kumwinua. Hakuna poti hata moja iliyofunguliwa.

#48 Mmasasi
Mkimwangusha katikati ya meseji, mkulima atapata mbili. Ya kilo si tatizo, atacheka. Lakini mfumo huu kesho utapewa kazi ya malipo. Kabla ya panga lolote, namba ya stakabadhi iwe ndiyo kitambulisho cha kazi, na kibarua aangalie kama imeshatumwa.

#49 Bandari ya Zamani
Mrejesho, Ijumaa usiku.

Nimeweka: `timeout=30` kwa kampuni ya meseji, `heartbeat` imerudi 60 na kutuma kumehamia uzi wa pembeni ili mapigo yasizuiwe. Nimeandika "natuma" kabla na "nimetuma" baada. Nimetoa ile `except: pass`. Systemd inamwangalia kama #47, kiskripti cha Shangani kiko Dar, na `/afya` ipo kwenye 127.0.0.1 kwa ajili yangu ninapokuwa ofisini. Namba ya stakabadhi sasa ndiyo kitambulisho, asante dada Mmasasi.

Jana saa 5 asubuhi nilichomoa waya wa faiba kwa mkono, karani akinitazama kama nimechanganyikiwa. Ruta ilihamia laini ya simu. Kibarua alinyamaza, `/afya` ikageuka 503, akaanguka, akainuka, akaunganisha upya. Dakika 3 na sekunde kadhaa. Kisha nikairudisha `heartbeat=0` ya zamani bila systemd, nikachomoa tena: akaganda, na wachotaji Dar wakawa 0 baada ya kama robo saa.

#50 Nangurukuru
Nilisema.

#51 Ndonde
Umethibitisha kwamba faiba *inaweza*. Je, faiba ilikatika Jumamosi ile?

#52 Bandari ya Zamani
Logi ya ruta inafutika ikizimwa, na tangu Jumamosi ile imeshazimwa. Kwa hiyo sijui, kaka.

#53 Fundi Chikongola
Na ile BEGIN yako?

#54 Bandari ya Zamani
Bado inaninyima usingizi. `py-spy` nimeibandika ukutani, Mwana Lindi.

#55 Karani Tandahimba
Hongera mdogo wangu. Swali moja la ghalani: reli ikilia saa 7 usiku, anayesikia ni nani? Kwetu ni mwenyekiti, na akisafiri anaacha jina la mtu.

#56 Bandari ya Zamani
Kwa sasa ni simu yangu peke yake. Jumatatu nakwenda Dar siku tatu na sijapata wa kumwachia.